Mashua za tanga kwa ajili ya saratani ya damu: tuige au tuache?

Mwanzisha mada (Entebbe)
Salaam ndugu zangu. Marekani kuna mashindano ya Leukemia Cup Regatta. Kabla ya kutweka tanga, manahodha huomba ahadi za michango kwa jamaa na makampuni, na fedha huenda Leukemia & Lymphoma Society, shirika la saratani za damu ambalo tangu 2025 linaitwa Blood Cancer United. Mpiga debe wake mkubwa ni Gary Jobson, aliyeshinda America's Cup, kombe la mbio za mashua za tanga, la 1977 pamoja na Ted Turner. Aliianza kazi hiyo kabla yeye mwenyewe hajaugua limfoma, saratani ya tezi, mwaka 2003.

Ziwa Nyanza tunalo, na klabu za tanga zipo Entebbe na Kaazi. Naona tuige, ila fedha ziende kwenye nauli na malazi ya watoto wagonjwa, si kwenye majengo.

Afande mstaafu (Bombo)
Mimi napinga. Mbio za saratani za Rotary zipo tangu 2012: unanunua fulana, unakimbia, ukichoka unatembea. Mwenye boda anaingia, mwalimu anaingia. Tanga ni mchezo wa watu wachache wenye nacho. Sisi wengine tutasimama ufukweni kuwapigia makofi?

Dada wa Jinja
Afande, shikamoo. Hao wachache ndio tunaotaka mifuko yao! Shirika hilohilo la Marekani lilisaidia utafiti wa Brian Druker uliozaa Glivec, dawa ya vidonge iliyoidhinishwa huko 2001 kwa aina moja ya saratani ya damu, CML. Baadaye wagonjwa wa hospitali ya Mulago, Kampala, waliipata bila malipo kupitia mpango wa kampuni inayoitengeneza. Mchango wa ng'ambo ulifika hapa.

Afande mstaafu (Bombo)
Marahaba binti yangu. Lakini Mulago haikungoja mashua. Daktari Denis Burkitt aliielezea limfoma ya watoto inayovimbisha taya hapo mwaka 1958, na taasisi ya saratani ikafunguliwa 1967. Uvimbe ule wa taya husikia dawa vizuri mtoto akiwahishwa. Kinachotushinda ni mzazi kukatisha matibabu kwa kukosa nauli ya kurudi.

Mama wa Busia
Afande amegusa penyewe. Nilimuuguza mdogo wangu. Tulilala barazani juu ya mkeka, posho, yaani ugali, tunapika kwa zamu na wauguzaji wenzetu, sufuria moja familia tatu. Siku fizi zake zilipoanza kutoka damu, tukaambiwa chembe sahani, zile za kugandisha damu, hazipo. Hizo hazikai kama maziwa ya kopo: siku tano hivi, basi. Nikashinda kwenye simu nikiwabembeleza jamaa waje watoe damu, huku chaji inaisha.

Kwa hiyo mkifanya hayo mashindano, kila mashua iandikishwe kwa watoa damu pia, si kwa shilingi tu. Na msiwalete wote siku moja, maana damu itaharibika. Wapangeni kwa wiki, mwaka mzima.

Mwanzisha mada (Entebbe)
Mama, hilo la kuwapanga kwa wiki sikuwa nimelifikiria, nami nalichukua kama lilivyo. Afande, je, wavuvi wa mwaloni wakipewa mbio zao za makasia siku hiyohiyo, utakuja?

Afande mstaafu (Bombo)
Nitakuja, na damu nitatoa kama umri wataukubali. Lakini nijibuni kwanza: akaunti itashikwa na nani, na hesabu zitabandikwa wapi?