Asembla hufanya nini inapopita mara ya kwanza?

Mwanafunzi, Tanga:
Shikamooni. Ninajifunza lugha ya asembli ya prosesa ya Intel 8080. Nimeandika JMP MWISHO (ruka hadi MWISHO) ilhali lebo ya MWISHO, yaani jina la mahali hapo, iko chini zaidi. Asembla, yaani programu inayotafsiri amri hizi kuwa msimbo wa mashine, huijuaje anwani ambayo haijaifikia?

Fundi, Bagamoyo:
Marahaba. Katika mpito wa kwanza, yaani inapoisoma programu yote mara ya kwanza, haiijui, wala haihitaji kuijua, kwani inachotafuta ni ukubwa wa kila amri. Tuseme programu inaanzia anwani 100H (H ni alama ya namba za msingi wa 16): MVI A,5 huchukua baiti 2, hivyo kihesabu cha mahali, kinachoshika anwani ya amri inayofuata, husogea hadi 102H, JMP huchukua baiti 3 iendako kokote, tukafika 105H, INR A ni baiti 1, na MWISHO inapokutwa hapo, jina lake huandikwa katika jedwali la alama pamoja na 106H. Mpito wa pili ndio unaojaza anwani hiyo.

Mwalimu, Tanga:
Ni sahihi kabisa, ila DS, agizo la kutenga nafasi ya kumbukumbu, ichunguzwe kwa makini. DS 16 haizai amri yoyote, lakini husogeza kihesabu kwa baiti 16. Ukiandika DS UREFU, na UREFU umefafanuliwa chini zaidi, mpito wa kwanza hauujui ukubwa wa nafasi hiyo, na anwani zote zinazofuata hukosa msingi.

Mwanafunzi, Tanga:
Nimehesabu kwa kalamu, nikapata 106H. Ahsanteni sana.