Kubadilisha mpira peke yake wa vifuta-kioo, bila kutupa fremu

Dereva_wa_Himbi

Habari zenu, ndugu. Gari langu ni Toyota RAV4 ya mwaka 2004, yenye usukani upande wa kulia kama nyingi zinazotufikia Goma kutoka Japani. Tangu mvua za Septemba zianze, kifuta-kioo cha upande wangu (esuiglasi, kama tunavyosema hapa) huacha ukanda wa maji wenye upana wa vidole vitatu karibu na ncha yake ya juu, tena hurukaruka na kupiga kelele kinaposhuka, ingawa kinapopanda hupita kimya. Fremu za chuma bado ni nzima, nami sioni sababu ya kuzitupa. Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, nimeona mipira mitupu inauzwa, lakini muuzaji hakuweza kuniambia ni upi unaoingia kwangu. Isitoshe, fundi mmoja alikwisha kuipaka mipira yangu mafuta ya injini ili ilainike, na kwa siku mbili nzima kioo kilikuwa na utando usiofutika, hata usiku taa za magari yanayokuja zilikuwa zikinipofusha. Je, mpira peke yake hubadilishwa vipi, na kipimo chake nitakijuaje?

Fundi_Ndosho

Ndugu, tuanze na hayo mafuta, maana bado yako kwenye kioo. Osha kioo kwa maji na sabuni ya vyombo, suuza, kisha ukipanguse kwa kitambaa chenye spiriti. Mafuta huvimbisha mpira na kuulegeza, na juu ya kioo chenye mafuta maji hayatandazwi, yanapakwa tu.

Kuhusu kurukaruka kwa upande mmoja, usikimbilie mpira. Kinachofuta ni ukingo mwembamba wa mpira, nao kila mkono unapogeuza mwendo hupaswa kulala upande wa pili, ili uwe unaburutwa nyuma ya mkono wala si kusukumwa mbele yake. Mpira uliokauka hukataa kulala. Lakini mkono uliopinda nao huleta kasoro ileile, na hapo hata mpira mpya utaruka. Simamisha kifuta katikati ya kioo, zima gari, tazama kutoka nchani: mpira ukiwa umeinama badala ya kusimama wima juu ya kioo, mkono wenyewe ndio wa kunyooshwa, polepole, kwa koleo lililofungwa kitambaa.

Sasa kubadilisha. Inua mkono, na kabla ya kuchomoa kifuta weka taulo iliyokunjwa juu ya kioo, kwa sababu mkono una springi na ukikuponyoka unashuka kama nyundo; nimeona kioo kizima kikipasuka kwa uzembe wa sekunde moja. Mpira umeshikwa na kucha za fremu, na kwenye mwisho wake mmoja kuna vishimo ambamo kucha za mwisho hujifunga. Vuta hapo kwa nguvu hadi zijifungue, nao mpira utateleza wote. Ndani yake kuna tepe mbili nyembamba za chuma: hizo usizitupe, kwani mipira mingi huuzwa bila tepe. Piga picha kabla ya kuzitoa, kwa maana zina mkunjo na vipengo vinavyopaswa kurudi vilivyokuwa. Mwisho wenye kufuli, yaani wenye vile vishimo, huelekezwa chini, kwenye mzizi wa mkono.

Kipimo ni upana wa mgongo wa mpira, ambao kwa magari mengi ya Japani ni milimita 6 au 8, pamoja na urefu. Pima vifuta vyote viwili, maana mara nyingi havilingani. Ukikosa urefu kamili, nunua mrefu zaidi na ukate kwa wembe mwisho usio na kufuli.

Mama_Kadutu

Niko Bukavu, ambako udongo mwekundu huturukia kioo mvua ikinyesha na isiponyesha. Nakubaliana na fundi, ila naongeza kwamba fremu nayo huchakaa bila kushika kutu. Ishike mkononi uitikise: viungo vikicheza, mpira mpya ni pesa iliyopotea. Na wenye vifuta vya kisasa visivyo na fremu wasihangaike sana kutafuta, kwani vingi havina mpira wa kubadilisha.

Mzee_wa_njia_ya_Sake

Kinachomaliza mipira Goma ni vumbi la lava. Majivu ya volkano si kama majivu ya makaa. Ni chembe za mwamba na za kioo cha asili, ngumu, zenye makali. Ukiwasha vifuta juu ya kioo kikavu chenye majivu hayo, unakwaruza kioo na kuchana mpira kwa mara moja, na mikwaruzo ya kioo haina dawa ya bei rahisi. Kwa hiyo maji kwanza, mengi, kisha vifuta. Mimi hupitisha kitambaa chenye maji ya sabuni kwenye ukingo wa mpira kila wiki, na kiangazi cha Juni hadi Agosti naegesha kivulini, kwa maana jua la mwinuko wetu wa mita kama 1,500 hukausha mpira hata usipotumika. Wanaosugua mpira kwa msasa wanauondolea ngozi yake laini na kuuviringisha ukingo. Unapona siku tatu, halafu unakuwa mbaya kuliko ulivyokuwa.

Dereva_wa_Himbi

Asanteni sana. Nimefungua leo asubuhi, na mambo yalikuwa mawili. Mkono uliinama kidogo kweli, nao nimeunyoosha. Lakini ule ukanda wa maji ulitokana na utepe mmoja uliorudishwa kinyume na mtu aliyenitangulia, mkunjo wake ukitazama nje, hivyo ncha haikuwa ikigandamizwa kwenye kioo. Mpira wa milimita 6 umeingia baada ya kukatwa kidogo. Kimebaki kifuta cha nyuma, ambacho kucha zake ni za plastiki.

Fundi_Ndosho

Hicho usikivute kama ulivyovuta vya mbele. Plastiki ya umri huo huvunjika. Nunua kifuta kizima.