Nimepata iPAQ ya mwaka 2000 mnadani Msalato, ila Mario akitembea hataki kuruka. Msaada wakuu

Zabibu Chachu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa mnadani Msalato. Nimeshakula nyama yangu, nazunguka tu kwenye meza za vikorokoro: rimoti, chaja za simu za batani, redio zilizong'olewa spika. Chini ya rundo nikaona Compaq iPAQ H3630, vile vikompyuta vya kiganjani vya kuandikia kwa kijiti ambavyo mabosi wa miradi walikuwa wanatembea navyo enzi hizo. Muuzaji alijua ni kikokotoo. Alianzia elfu thelathini, tukamalizana kumi na mbili pamoja na kitako chake cha kuchajia.

Nia yangu ni gemu za kaseti. Nimekulia Kondoa, na hela yangu yote ya maandazi iliishia kwenye banda la gemu. Sasa nina kazi, nataka kuzicheza bila mtu kunisimamia mgongoni akisema "umekufa, leta".

Kwa laptop ya zamani yenye Windows XP na ActiveSync (programu ya kuunganisha iPAQ na kompyuta) nimeweka emuleta ya NES, yaani programu inayoigiza ile mashine ya gemu ya Nintendo. Inafunguka, mwendo mzuri. Ila:

Nikishikilia kulia halafu nikabonyeza kuruka, Mario anasimama kama kasimamishwa na trafiki. Nikiachia kulia ndipo anaruka, wima, palepale. Kile kiuyoga cha kwanza kabisa kimeshaniua mara kumi na moja. Nimefungua, nimesafisha chini ya vitufe kwa spiriti (vumbi la huku mnalijua), hola.

Halafu Ijumaa niliizima, Jumatatu nawasha, kila kitu kimefutika, mpaka saa. Inaniambia niguse vile vimisalaba vya kunyoosha kioo kama vile imetoka dukani leo.

Je, nimeuziwa mbovu?

Fundi Waya

Mkuu, hujauziwa mbovu. Rudisha spiriti kabatini.

Hiyo ya vitufe ni maumbile yake. H3600 zinasoma kitufe kimoja kwa wakati mmoja, basi. Waliotengeneza walifikiria kalenda na namba za simu, nani alikuwa na habari ya kuruka huku unatembea? Hata ukibadilisha vitufe vyote, ni vilevile.

Ujanja ni huu: kioo kinasomwa kivyake, vitufe kivyake. Ingia kwenye mipangilio ya emuleta, tafuta sehemu ya kugawa kioo, weka kuruka kwenye kona ya kioo. Mkono wa kushoto unashika pedi, wa kulia unagusa kioo. Hapo unapata vitu viwili kwa pamoja. Usitegemee vitatu, maana kioo chenyewe kinatambua mguso mmoja tu. Kwa hiyo kukimbia NA kwenda kulia NA kuruka sahau, labda emuleta yako ikubali kuunganisha A (kuruka) na B (kukimbia) kwenye sehemu moja ya kioo.

Mkuda wa Nkuhungu

Elfu kumi na mbili! Simu yoyote ya siku hizi inacheza hizo gemu huku umelala. Uza chuma chakavu.

Zabibu Chachu

@Mkuda simu ninayo mkuu. Mwenye baiskeli humwambii apande daladala.

@Fundi asante sana, najaribu usiku huu. Na kufutika je?

Mzee wa Kikuyu

Kufutika nakujibu mimi, nilipewa moja kazini nikaipoteza kwa hasira.

Hizo mashine zina RAM (kumbukumbu ya muda, inayohitaji umeme) ya MB 32, na humo ndimo zinamoweka programu na mafaili yako yote. Mfumo wenyewe, Pocket PC 2000, uko kwenye kumbukumbu ya kudumu, ndiyo maana uliukuta. Chako wewe kinaishi kwa pumzi ya betri. Hata ikiwa "imezimwa" inakula chaji kidogo kidogo ili RAM isisahau. Betri ikiisha kabisa, kwisha habari. Ugonjwa huu uliondoka kwenye Pocket PC, yaani vikompyuta vya aina hii, zilipokuja na mfumo wa Windows Mobile 5, mwaka 2005. Mimi niliacha yangu ofisini sikukuu ya Idi, nikarudi ripoti ya wiki nzima haipo. Bosi akadhani namdanganya.

Betri yako ya zamani hiyo haifiki siku tatu. Iache kwenye kitako, au tafuta lile koti lake la nyuma linalopokea kadi ya CF (CompactFlash, kadi ya kuhifadhia mafaili), maana mashine yenyewe haina tundu la kadi. Gemu na faili la kusakinishia emuleta vikae kwenye kadi. Ikifutika, unarudisha kwa dakika tano.

Zabibu Chachu

Shikamoo mzee wangu. Nimeelewa. Koti hilo nitalipata wapi Dodoma hii, sijui, nitaangalia na soko la Sabasaba.

Dada Ipagala

Kaka, ukipata kadi, iwe ndogo, iformati kwa FAT ya kawaida (mpangilio wa mafaili kwenye kadi), yaani FAT16. FAT16 mwisho wake GB 2, na gemu za NES ni kilobaiti tu, hata MB 64 huijazi leo wala kesho.

Jingine: geuza picha ilale. Kioo chako ni nukta 240 kwa 320, na NES inatoa 256 kwa 240. Ukishika wima unapoteza nukta 16 za upana, ama inabanwa maandishi yakawa ukungu. Ikilala inaingia yote. Game Boy ni 160 kwa 144, hiyo hata wima inakaa.

Na ukishusha programu, angalia imeandikwa ARM. Enzi hizo Pocket PC zilikuwa na prosesa za mbegu tatu: iPAQ ni ARM, Casio walitumia MIPS, HP Jornada 540 ni SH3. Ukiweka ya jirani itakwambia faili si sahihi, na wewe utarudi hapa na uzi mwingine.

Gemu za SNES, mdogo wake NES, usijisumbue sana. Prosesa yako ni MHz 206, itaruka picha mpaka ukereke. Gemu za Mega Drive ya Sega jaribu emuleta ya PicoDrive, iliandikwa kwa kufikiria vifaa vya ARM vya mkononi.

Faida moja ya hicho kioo: kinarudisha mwanga. Toka nacho nje saa saba mchana, kinaonekana vizuri kuliko simu ya @Mkuda.

Mkuda wa Nkuhungu

Nimenyamaza.

Zabibu Chachu

Mrejesho. Nimelaza picha, nimeweka kuruka kona ya juu kulia, nagusa kwa kijiti. Kiuyoga nimekikanyaga. Nilipiga kelele mpaka mwenye nyumba akagonga mlango.

Hatua ya kwanza nimemaliza kwa kutembea tu, hakuna kukimbia. Ya pili kuna shimo linanishinda.

@Fundi Waya, betri unabadilisha? Nije nayo Jumanne?

Fundi Waya

Njoo. Usiifungue tena mwenyewe, na kama mgongo umeanza kuvimba toa kwenye chaji sasa hivi.