Ulinganisho: mtoa huduma anapobadilisha masharti katikati ya mkataba, tubaki, tujadiliane, tuhame au tulalamike?

Kalamu Taratibu (mleta mada)

Ndugu wanajamvi, naomba tuyapime pamoja machaguo aliyo nayo mteja pale mtoa huduma za simu au intaneti anapobadilisha masharti kabla ya muda wa mkataba kwisha. Mkataba wangu ni wa miezi 24, wa malipo ya baada, na ndani yake imo simu ninayoilipia kidogo kidogo pamoja na ada ya kila mwezi. Sasa umenifikia ujumbe mfupi unaosema kwamba ada itapanda, kwamba data isiyotumika haitahamishiwa tena mwezi unaofuata, na kwamba nikiendelea kutumia huduma nitahesabiwa kuwa nimeridhia.

Kwa upeo wangu njia ni nne: kunyamaza na kulipa, kupinga kwa maandishi huku nikibaki, kuvunja mkataba na kuhamia kwingine, au kupeleka malalamiko kwa mamlaka inayosimamia mawasiliano. Marafiki wananishauri nihame mara moja, lakini nahofia tozo ya kuvunja mkataba na hatima ya namba yangu, ambayo watu wengi wananifahamu kwayo. Ningependa kusikia kutoka kwa wenye uzoefu ni njia ipi ina uzito zaidi, na kwa sababu gani.

Wakili Mstaafu

Ndugu Kalamu, kabla ya kuchagua njia kuna swali linalotangulia mengine yote: je, hilo ulilotangaziwa ni badiliko la mkataba, au ni utekelezaji wa kifungu ulichokitia saini tangu mwanzo? Majibu ya maswali haya mawili yanaelekea pande tofauti kabisa, na watoa huduma wanaujua mpaka huo vizuri kuliko wateja wao.

Chukua mfano wa Umoja wa Ulaya, ambako suala hili limeandikwa kwa kina. Kanuni ya Mawasiliano ya Kielektroniki ya mwaka 2018, katika kifungu cha 105, inamtaka mtoa huduma atoe taarifa angalau mwezi mmoja kabla ya badiliko kuanza, na katika taarifa hiyohiyo amwambie mteja kwamba ana haki ya kuvunja mkataba bila gharama ya ziada. Haki hiyo haipo pale ambapo badiliko ni la manufaa kwa mteja peke yake, au ni la kiutawala tu lisilomdhuru, au limelazimishwa moja kwa moja na sheria. Lakini mwaka 2015, chini ya sheria iliyotangulia hiyo, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua katika shauri lililoihusu A1 Telekom Austria kwamba ada inayopanda kwa kufuata kipimo cha bei kinachotolewa na taasisi ya umma, kama kipimo hicho kilitajwa ndani ya mkataba wenyewe, si badiliko la masharti. Mteja alikwisha kulikubali siku aliyotia saini, na kwa hiyo halimpi mlango wa kutokea.

Uingereza iliona jinsi mlango huo ulivyokuwa ukifungwa kwa wateja wengi, na tangu tarehe 17 Januari 2025 mdhibiti wake, Ofcom, anakataza mikataba mipya ya simu na intaneti kupandisha bei kwa asilimia ya mfumuko wa bei usiojulikana. Kama bei itapanda, kiasi chenyewe na wakati wake lazima vitajwe waziwazi kabla mteja hajasaini. Zingatia kwamba hata huko kupanda kwa bei hakukukatazwa. Kilichokatazwa ni kumfanya mteja asaini asichoweza kukihesabu.

Kwa hiyo fungua mkataba wako utafute kifungu cha marekebisho ya ada. Kama kipo na kinataja kiasi au kanuni iliyo wazi, hoja yako kuhusu ada ni dhaifu, ingawa hoja kuhusu data isiyohamishwa inabaki hai. Kama kifungu kinasema tu kwamba kampuni inaweza kubadilisha masharti wakati wowote kwa hiari yake, usikate tamaa, kwa maana Agizo la Ulaya la mwaka 1993 kuhusu masharti yasiyo ya haki linakitaja kifungu cha namna hiyo, kisichoeleza sababu halali, miongoni mwa mifano ya masharti yanayoweza kutenguliwa.

Mama Hesabu

Nakubaliana na Wakili kuhusu sheria, ila mimi ningeanzia kwenye simu uliyopewa, kwa sababu hapo ndipo wengi wanakwama. Haki ya kuhama bila tozo haimaanishi kwamba kifaa kinakuwa cha bure. Kuna vitu viwili ambavyo ankara mara nyingi huvichanganya katika mstari mmoja: ada ya huduma iliyobaki hadi mwisho wa mkataba, na thamani ya kifaa ambayo bado hujaimaliza. Cha kwanza ndicho kinachofutika mteja anapohama kwa sababu ya badiliko; cha pili kwa kawaida kinabaki deni, usiporudisha kifaa.

Deni hilo nalo lina ukomo. Kanuni ileile ya Ulaya inasema kwamba fidia ya kifaa isizidi thamani yake iliyobaki kwa uwiano wa muda, kama ilivyokubaliwa wakati wa kusaini, au jumla ya ada ya huduma iliyobaki, na kati ya viwili hivyo inachukuliwa iliyo ndogo. Ukiwa umemaliza miezi 12 kati ya 24, thamani iliyobaki kwa uwiano ni nusu ya ile iliyoandikwa mkatabani. Wakikudai robo tatu, waulize wameipataje. Fidia ikishalipwa, mtoa huduma anatakiwa pia aondoe bila malipo kizuizi chochote kinachokifanya kifaa kisikubali laini ya mtandao mwingine.

Kuna mfumo mwingine ambao kwa maoni yangu ni mwepesi zaidi kwa mteja. Afrika Kusini, katika kifungu cha 14 cha Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya mwaka 2008, inamruhusu mlaji avunje mkataba wa muda maalumu wakati wowote kwa notisi ya siku 20 za kazi, hata kama mtoa huduma hajabadilisha chochote, mradi alipe deni lililopo na tozo ya kuvunja mkataba iliyo ya kadiri. Huko huna haja ya kubishana kama badiliko ni badiliko. Mnabishana tu juu ya ukubwa wa tozo. Ukilinganisha, mfumo wa Ulaya unakutoa bila tozo lakini kwa sharti la sababu na la muda, na wa Afrika Kusini unakutoa bila sababu lakini huenda ukalipa.

Ndiyo maana namshauri mleta mada aombe kwa maandishi mchanganuo wa deni la kifaa kabla hajatamka neno kuhama. Bila tarakimu hiyo, ulinganisho wote huu ni wa hewani.

Fundi Mitambo

Niongeze la namba, kwa kuwa limemtia hofu mleta mada. Mahali ambapo huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba ipo, na ipo Kenya tangu 2011 na Tanzania tangu 2017, utaratibu salama ni kwenda kwa mtoa huduma mpya ukiwa na laini iliyo hai, na ombi la kuhamisha namba lianzie kwake. Anayekatisha laini kwanza kisha akaanza kuulizia namba anajitia katika mazungumzo magumu pasipo sababu. Ulaya inampa mteja angalau mwezi mmoja baada ya mkataba kwisha wa kuidai namba yake, lakini hata kwenye kinga hiyo nisingependa kumwona mtu akiipima.

Jambo la pili ni kwamba mjadala umeegemea mno upande wa bei. Mabadiliko yanayouma mara nyingi hayatajwi kama bei: kasi inayopunguzwa baada ya kiwango fulani cha matumizi, kifurushi kinachoitwa hakina kikomo kuwekewa kikomo, huduma ya kutumia simu nje ya nchi kuondolewa, au kasi ya kupakia kushushwa huku ile ya kupakua ikiachwa ilivyo ili tangazo lisibadilike. Mteja anayeangalia ankara peke yake hataliona hilo. Pima kasi kwa nyakati mbalimbali, hifadhi matokeo yenye tarehe, na ukiona huduma imeachana na mkataba kwa kiasi kikubwa na mfululizo, hapo una sababu nyingine ya kutoka ambayo haitegemei notisi yoyote.

Mtetezi wa Walaji

Wenzangu mmezungumza kana kwamba taarifa imetolewa sawasawa. Mimi naanza na swali la kama imetolewa kabisa. Mwaka 2007 mahakama ya rufani ya shirikisho nchini Marekani ilisikiliza shauri dhidi ya kampuni ya simu ya Talk America, ambayo ilikuwa imebandika masharti mapya kwenye tovuti yake, yakiwamo tozo mpya na kifungu cha kuwapeleka wateja kwenye usuluhishi badala ya mahakama, bila kumwarifu mteja aliyelalamika. Mahakama ilisema kwamba upande mmoja wa mkataba hauna wajibu wa kupitia tovuti kila mara ili kuona kama upande wa pili umebadilisha masharti, na kwamba mtu hawezi kukubali pendekezo ambalo halijui. Kwangu hii ndiyo hoja ya kwanza kwa kila anayeambiwa kuwa masharti mapya yanapatikana kwenye tovuti yetu.

Kuhusu kulalamika kwa mdhibiti, wengi huiona kama njia ya mwisho ya waliokata tamaa, nami siioni hivyo. Ni njia ya polepole, na kwa kawaida mamlaka haitapokea lalamiko ambalo halijapita kwanza kwa mtoa huduma mwenyewe, lakini ina faida ambayo kuhama hakuna: mdhibiti anaweza kuamuru badiliko lisitishwe kwa wateja wote, wakati wewe unayehama unajiokoa peke yako. Kenya imeiweka haki ya mlaji ya kupata taarifa, na ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi, ndani ya Katiba yenyewe, ibara ya 46. Mlalamikaji anayetaja ibara ile hana haja ya kuomba hisani.

Kwa vitendo, lalamiko lenye nguvu huwa fupi. Linataja kifungu cha mkataba wa zamani, linanukuu maneno ya taarifa mpya, linaeleza tarehe iliyopokelewa na tarehe ya kuanza kutumika, kisha linasema unataka nini. Simu kwa huduma kwa wateja ni nzuri kwa kuuliza, ila usipopewa namba ya kumbukumbu chukulia kwamba hukuzungumza na mtu.

Kalamu Taratibu

Nawashukuru wote. Nimefungua mkataba: kifungu cha ada kinasema kampuni inaweza kuirekebisha kwa kadiri itakavyoona inafaa, bila kipimo chochote, na uhamishaji wa data umetajwa waziwazi kama sehemu ya kifurushi. Taarifa ya ujumbe mfupi haikutaja haki ya kuvunja mkataba. Wakili, je, ile sentensi ya kwamba nikiendelea kutumia nimeridhia ina nguvu gani? Malipo yangu hukatwa yenyewe kutoka benki, kwa hiyo hata nikilala nitakuwa nimelipa.

Wakili Mstaafu

Ina nguvu kuliko tunavyopenda, ndugu yangu, na ndiyo sababu njia yako ya kwanza, ya kunyamaza, ni mbaya kuliko zote nne. Mara nyingi haki ya kutoka ina dirisha. Kwa Ulaya ni mwezi mmoja tangu taarifa itolewe, ingawa nchi mwanachama inaweza kulirefusha kwa muda usiozidi miezi mitatu zaidi. Dirisha likifungwa ukiwa unalipa kimya, itakuwa kazi kubwa kudai kwamba hukuridhia. Andika leo kwamba unapinga badiliko, kwamba unaendelea kutumia huduma kwa masharti ya awali, na kwamba malipo yatakayokatwa kwa kiwango kipya hayawi ushahidi wa ridhaa. Usisimamishe malipo yote benki, maana deni litakalojitokeza litawapa wao hoja na wewe litakuondolea.

Kuhusu kubaki kwa masharti ya zamani, nisikudanganye. Sheria nyingi nilizozitaja zinakupa haki ya kuondoka, hazikupi haki ya kulazimisha bei ya jana iendelee. Barua ya pingamizi ni ya kulinda nafasi yako. Peke yake haitarudisha data yako.

Mama Hesabu

Hapo naomba kutofautiana nawe kidogo, Wakili. Barua hiyo inaweza kuirudisha data, kama itafika kabla dirisha halijafungwa na ikiambatana na ombi la mchanganuo wa deni la kifaa pamoja na nia iliyoandikwa ya kuhamisha namba. Kampuni ikiona mteja ameshapiga hesabu ya kuondoka, swali linapelekwa kwa idara yenye mamlaka ya kutoa nafuu, ambayo yule anayepokea simu hana. Ila wakikupa nafuu, hakikisha hawakusainishi mkataba mpya wa miezi mingine 24 kwa jina la kurekebisha kifurushi. Omba iandikwe kwamba tarehe ya mwisho ya mkataba wa sasa haibadiliki.

Kalamu Taratibu

Nimeelewa. Pingamizi nimelituma kwa barua pepe jioni hii pamoja na ombi la mchanganuo, na picha za skrini za taarifa nimezihifadhi. Wakijibu kwamba kifungu cha kadiri itakavyoona inafaa kinatosha, nitalipeleka kwa mamlaka na wakati huohuo nitaanza kuhamisha namba, kwa kuwa sioni kama njia hizo mbili zinazuiana.

Mtetezi wa Walaji

Hazizuiani, mradi lalamiko liingie kabla namba haijahama, na jibu lao la maandishi liwe limeambatishwa.