Gari la kizamani nililojiundia mwenyewe, litamaliza rali ya kilomita 120?

fundi_wa_wikiendi
Wakuu habari zenu. Hatimaye nimemaliza kagari kangu baada ya karibu miaka miwili ya kuchomelea na kukata na kuharibu. Umbo nimefuata Bugatti Type 35, lile gari la mbio la miaka ya 1920, chasisi ni mabomba ya chuma, bodi plaiwudi na bati la alumini, rimu za pikipiki inchi 17 za spoki, injini ni GX200 ile ya cc 196 inayofungwaga kwenye pampu za maji, inapeleka nguvu kwa mkanda na puli halafu cheni mpaka ekseli ya nyuma. Breki ziko nyuma tu. Siti mbili nyembamba.

Sasa kuna rali ya magari ya kujiundia, kilomita 120 barabara za kawaida, sio mbio, ni ile ya kutunza wastani wa 40 km/h. Mi naona 40 ni kama kutembea tu, na gari inafika 60 bila shida. Kuna kitu sijakiona hapa?

mzee_kabureta
Hongera sana mkuu, kumaliza tu ni kazi, wengi tuna chasisi zinaota kutu nyuma ya nyumba.

Ila vipo vitu hujaviona. Wastani wa 40 sio spidi ya 40. Kuna kona, kuna makutano, kuna mlima ambao hiyo injini itapanda inalia kwa 25, na muda wote huo unaoupoteza inabidi uurudishe sehemu iliyonyooka, kwa hiyo utajikuta uko 55 au 60 muda mrefu, yani ndo mwisho wa gari yako. Mkanda utapata moto, na mkanda ukipata moto unateleza, ukiteleza unazidi kupata moto.

Halafu breki. Ukikanyaga, uzito wote unakimbilia mbele, nyuma panabaki pepesi, tairi linagoma kuzunguka na gari linataka kugeuka lilikotoka. Kwenye uwanja uliofungwa mnacheka, barabarani mbele yako kuna lori. Aina hiyo ya vigari, wanaviita cyclekart, ilianza California miaka ya 1990, watu walitaka kuchezea kwenye njia za vumbi na viwanja vyao, havikuundwa kwa ajili ya barabara. Funga breki za mbele kwanza, za pikipiki za diski zinatosha, ndo uongee habari ya rali. Na waulize waandaaji kama gari ambayo haijasajiliwa na haina taa wala bima inaruhusiwa, usije ukafika mstari wa kuanzia ukaambiwa ukae pembeni upige picha.

sekunde_90
Mzee kamaliza upande wa chuma, mi niongelee hesabu maana hapo ndo watu wanapopotezea pointi.

Kwa 40 km/h kila kilomita ni sekunde 90. Ikishaingia kichwani hiyo huhitaji kikokotoo, kilomita 3 ni dakika 4 na nusu, basi. Rali nyingi za hivi ukiwahi sekunde moja unakatwa sawa na aliyechelewa sekunde moja, kwa hiyo mwenye injini kubwa hana cha kukuringia. Vituo vya kupimia muda vinafichwa, huwezi kukimbia halafu ukasubiri kona ya mwisho.

Umbali ndo mtihani. Mita yako ikikosea asilimia 2 tu, baada ya kilomita 30 umepotea mita 600, ambazo ni sekunde 54! Nunua ile kompyuta ndogo ya baiskeli yenye sumaku, ifunge gurudumu la MBELE (la nyuma linateleza linakudanganya), jaza upepo, kaeni wote wawili ndani, sukuma gari tairi lizunguke mara kumi, pima kwa futi kamba, gawanya kwa kumi. Waandaaji wakitoa kipande cha barabara cha kujipimia kabla ya kuanza, kipite, usione uvivu.

Na mfundishe mwenzako ishara za mikono. Gari wazi halina maongezi. Mwaka 1955 dereva Stirling Moss na msoma njia wake Denis Jenkinson walishinda Mille Miglia, mbio za barabarani za Italia, kwa saa 10 na dakika 7, Jenkinson anasoma karatasi ndefu aliyoiviringisha ndani ya kisanduku na kila kona anaonyesha kwa mkono, sababu kwa kelele za Mercedes yao walikuwa hawasikilizani.

plagi_nyeusi
Type 35 yenye spoki za waya 😂 si ilikuwa na rimu za alumini zenye mikono minane bapa? Umetuuzia mbuzi kwenye gunia.

mzee_kabureta
@plagi_nyeusi ilikuwepo Type 35A, ya bei nafuu, ilikuja na spoki za waya. Mwache mwenzio.

plagi_nyeusi
Haya yaishe. Ila ushauri wa kweli kwa mleta mada, injini ya silinda moja inatetemesha kila kitu, safari yangu ya kwanza ndefu nilirudi sina egzosi, sina kioo na bolti mbili za stelingi zinacheza. Tumia nati zenye plastiki ndani, na kila nati ukishakaza ipige mstari wa rangi kuanzia kwenye nati mpaka kwenye chuma, ukisimama unaangalia tu, mstari ukikatika ujue imezunguka. Cheni nayo mpya inalegea haraka, beba spana yake.

fundi_wa_wikiendi
Asanteni wakuu, na mmenitisha kidogo. Nimewauliza waandaaji, bila taa na usajili siingii, ila kuna kitanzi cha kilomita 8 barabara imefungwa siku hiyo hiyo kwa ajili ya vigari kama changu, wastani 30. Hiyo si sekunde 120 kwa kilomita? Nimejiandikisha. Breki za mbele naanza Jumamosi.

Nimetoka kupaka nati rangi sasa hivi, nikazungusha mtaa mmoja tu. Mistari minne imekatika.

sekunde_90
120 ndiyo. Minne kwa mtaa mmoja?? Anza na stelingi mkuu.