Mrejesho: ule mlio wa tiki-tiki kwenye injini, chanzo kimepatikana

Wakuu, wiki mbili zilizopita niliuliza kuhusu gari langu la cc 1500: likiwashwa asubuhi linalia tiki-tiki-tiki, ukikanyaga mafuta mlio unaongezeka kasi, injini ikipata moto unatoweka. Fundi wa kwanza alisema ni tapeti (vipande vinavyosukuma valvu za injini), akataka kufungua injini. Asanteni sana mlionizuia.

Nilianza na oili kama mlivyoshauri. Kipimo kilikuwa sawa, taa ya oili haiwaki. Jumamosi alfajiri nikaenda kwa fundi mwingine, gari limelala kwake usiku kucha ili tuliwashe likiwa baridi kabisa. Huyu mzee ana subira! Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiegemeza kwenye kifuniko cha valvu, mpini sikioni. Kimya, yaani mlio hautoki kwenye valvu. Akaziba bomba la ekzosi kwa tambara nene kwa sekunde chache tu, na mlio ukapanda palepale, ishara kwamba moshi unavuja mahali.

Tukatoa bati la kukinga joto kwenye manifoldi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda). Pembeni ya silinda ya nne kulikuwa na alama ya masizi meusi, imechanua kama unyoya. Bolti moja imekatika, gasketi (kizibo chembamba kati ya manifoldi na injini) imeungua. Chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba ule upenyo, ndiyo maana mlio ulikuwa unapotea.

Kazi ngumu ilikuwa kuchomoa kipande cha bolti kilichobaki ndani, saa tatu nzima. Gasketi na bolti mpya zimefungwa, na leo ni asubuhi ya tano injini inawaka kimya.

Mwenye dalili kama zangu, kagua masizi kwanza kabla hujaruhusu injini ifunguliwe.