Naenda Bali na hela ya mawazo, hatuli nguruwe na mume wangu hali pilipili. Tutakula nini?

MwanaTanga:
Wakuu habari za leo. Mwezi ujao mimi na mzee tunaenda Bali, kile kisiwa cha Indonesia, siku tisa, tiketi na chumba vimemaliza karibu kila kitu kwahiyo kwenye msosi itabidi tujibane, sasa kila video ninayofungua watu wanasifia babi guling, nguruwe mzima wa kuchoma, na sisi Waislamu. Halafu mzee wangu pilipili hata harufu inamtoa machozi. Sitaki nivuke bahari yote ile nikale chipsi kuku. Mliofika nisaidieni, na bei pia.

Chumvi_ya_Mawe:
Dada shika neno warung, ndo mama ntilie wa kule. Unakuta vyakula vimepangwa nyuma ya kioo, unaonyesha kwa kidole, unapakuliwa wali na vitu vinne vitano juu yake. Inaitwa nasi campur, hiyo c isome ch. Mimi nilikuwa nalipa rupia 25,000 mpaka 35,000, usishtuke na masifuri, ni kama shilingi 4,000 hadi 5,500 za kwetu Tanzania. Ila ukisogea ufukweni kwa watalii wali huohuo unapanda mara tatu, na ukiona ++ kwenye menyu ujue kodi na huduma bado hawajajumlisha.

Abuu wa Kisauni:
Hapo kwa kidole ndo pa kuangalia. Wabali wengi ni Wahindu, nguruwe kwao ni kitoweo cha kawaida kabisa, na anaingia hata pale usipomtarajia. Kuna kitu kinaitwa lawar, ukiona utadhani kachumbari ya nazi na maharage mabichi, kumbe mara nyingi ina nyama ya nguruwe na ile nyekundu imetiwa damu. Nilibakisha kidogo tu nijipakulie! Tafuteni palipoandikwa halal au warung muslim, wapo Waislamu wa Java na Padang kibao wanapika kisiwani.

dodo_embe:
Abuu usimtishe mtu bana. MwanaTanga kula sate lilit, mishkaki ya samaki aliyesagwa na nazi na viungo, anafinyangwa kwenye kijiti au bua la mchaichai halafu anachomwa, mimi nilikula mpaka aibu. Uliza tu "ikan?" maana yake samaki, kwasababu wengine hutengeneza ya nguruwe. Na tipat cantok, wali uliopikwa ndani ya kifuko cha ukuti ukashikamana, unakatwakatwa na mboga unamwagiwa mchuzi wa karanga. Unasagwa mbele yako hivyo mwambie asitie pilipili.

MwanaTanga:
Asanteni jamani. Nasi jinggo je? Nimesikia ndo ya bei chee kuliko zote.

Chumvi_ya_Mawe:
Ndo yenyewe, kifurushi cha jani la mgomba ukubwa wa ngumi, mjini Denpasar utaviona zaidi usiku kando ya barabara. Mtu mzima anakula viwili vitatu. Lakini sambal, pilipili yao ya kusaga, iko humohumo ndani, mzee atalia. Mfundishe "tidak pedas", yaani isiwe kali, japo kali ya kwao na ya kwetu ni vitu viwili tofauti kabisa.

Abuu wa Kisauni:
Kwa mzee mpeleke soko la samaki Kedonganan, karibu na Jimbaran. Mnanunua samaki wenu kwa kilo, jirani pale wanawachomea kwa malipo kidogo, sambal inakuja pembeni. Bei bargain kama soko la Kongowea, Mombasa. Zile meza za mchangani Jimbaran ziacheni, mtalipia machweo.

MwanaTanga:
Mzee kasoma uzi wote, anasema yeye huyo samaki wa Kedonganan atamla siku zote tisa 😂 Mimi tipat cantok nimeshaiandika. Na barafu za kwenye juisi vipi, tunywe?

dodo_embe:
Zile za mviringo zenye tundu katikati ni za kiwandani, mimi nilikunywa bila shida. Maji ya bomba hapana, hata ya kusukutulia tumia ya chupa.